Esurient, hungry, starving, peckish: njaa ya Kiingereza ina majina mengi, lipi uliweke wapi

Mwaka 2022, ule ukame uliomaliza ng'ombe kule Longido na Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, nilipata kazi ya kutafsiri ripoti kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Aliyeiandika alikuwa mtu wa hukohuko kijijini, ameandika vizuri sana, sentensi fupi fupi, na kwenye aya moja kaandika "watoto wenye njaa" mara nne. Mi nikaona nikisema hungry mara nne msomaji atachoka, nikafungua kamusi ya visawe, nikashuka na orodha taratibu, famished, starving, ravenous, huko chini kabisa nikakutana na esurient. Maana yake wameandika hungry, basi. Nikaliweka, esurient children, nikaona limekaa, nikatuma kazi nikalala.

Asubuhi nikapigiwa simu na dada mmoja aliyekuwa anaipitia ile tafsiri, Mtanzania mwenzetu ila kaishi Uingereza miaka mingi, hakusalimia kwa kirefu, akaniuliza tu, "Mdogo wangu, hivi hawa watoto wamekukosea nini mpaka uwaite wana njaa njaa?"

Nilishinda na lile swali siku nzima. Kamusi haikuwa imedanganya, ni mi ndo nilidhani maneno yakikaa kwenye mstari mmoja yana kazi moja. Tangu hapo nimekuwa nayafuatilia haya maneno ya njaa moja moja, na naandika hapa kwa ajili ya wanaotafsiri, wanaoandika esei za skolashipu, wanaojiandaa na mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL, maana siku hizi kila mtu ana apu inayomsogezea visawe, unabonyeza hungry inakuletea maneno kumi yamepangwa kama ndugu wa tumbo moja, na wala si ndugu hivyo.

Tuanze na hilo lenyewe lililoniletea shida

Esurient linatamkwa i-SYU-ri-ent, mkazo upo hapo kwenye syu, Wamarekani wanasema i-SU-ri-ent. Ni kivumishi, nomino yake ni esurience. Limeingia kwenye Kiingereza karne ya 17, kipindi wasomi wa Uingereza walikuwa wanachota maneno ya Kilatini kwa ndoo, mengi yakafa, hili likabaki limekaa kwenye vitabu. Mtu wa kawaida London unaweza ukaishi naye miaka ishirini usimsikie analitamka.

Mzizi wake ndo utamu ulipo. Kilatini kina kitenzi edere, kula, hukohuko ndo lilikotoka edible la kwenye vifungashio vya chakula. Sasa Kilatini kina namna ya kukibadili kitenzi kikaleta maana ya kutaka kufanya lile jambo, kwaiyo kutoka edere ukapatikana esurire, kutaka kula. Ni namna ileile ambayo parere, kuzaa, ilileta parturire, kuwa kwenye uchungu, na ndo mana madaktari wana neno parturient kwa mama anayekaribia kujifungua. Sisi hatuna kiambishi cha hivyo, tunatumia taka, tunasema mvua inataka kunyesha, mtoto anataka kulala. Basi esurient ukilivua nguo zake zote unabaki na "anayetaka kula".

Hebu ona hapo. Mzizi hausemi tumbo ni tupu, unasema kutaka. Na mtu anaweza akataka kula huku mkanda wake umeshafika tundu la mwisho.

Kwenye Kilatini chenyewe lile neno lilikuwa na sura mbili na zote zimetufikia. Sura ya kwanza wanaijua wote waliowahi kuimba au kusikia Magnificat kwa Kilatini, ule wimbo wa Bikira Maria kwenye Luka sura ya kwanza, mstari wa 53: Esurientes implevit bonis. Ndo ule mstari unaosema wenye njaa wameshibishwa mema na matajiri wameondoka mikono mitupu. Pale esurientes ni watu wa heshima kabisa, ni maskini ambao Mungu amewakumbuka. Bach, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, aliutungia muziki ule wimbo akiwa mji wa Leipzig mwaka 1723, akaurekebisha karibu mwaka 1733, na kwenye huo mstari kaweka sauti moja ya alto na filimbi mbili, na linapofika neno la mwisho, inanes, yaani watupu, mwishoni kabisa filimbi zinanyamaza, noti ya mwisho hazipigi, unaachiwa besi peke yake. Mara ya kwanza kuisikiliza nilidhani simu imekata.

Sura ya pili ni ya Juvenal, mshairi wa Roma wa kama miaka 1900 iliyopita, mtu wa maneno makali. Kwenye shairi lake la tatu anawasema wageni waliohamia Roma, na hasa Mgiriki mdogo mwenye njaa, Graeculus esuriens, kwamba huyo ukimwambia apande mbinguni atapanda. Maana yake atafanya chochote, atakuwa mwalimu, mganga, mchoraji, mpiga ramli, ilimradi kuna mkono wa kumlisha. Ni dharau tupu kwa wahamiaji na sioni sababu ya kuipamba. Samuel Johnson, mwandishi wa Uingereza, alilihamishia hilo shairi London mwaka 1738, Mgiriki akageuka Mfaransa, na dharau ikabaki palepale.

Sasa Kiingereza kilipolichukua esurient, kwa jinsi mi ninavyosoma, lilimfuata Juvenal na kumwacha Maria. Ukikutana nalo leo kwenye riwaya au makala ya gazeti, mara nyingi aliyeitwa esurient ni mwanasiasa, ni mpambe, ni mgeni asiyealikwa, mtu ambaye macho yake yako kwenye sahani ya mwenzake. Au mwandishi analitumia kwa kuchekesha, anachukua jambo dogo la tumbo kulivalisha koti la kisomi. Kamusi nyingi zinaandika hungry halafu pembeni yake greedy, na mi siku ile macho yangu yaliishia kwenye la kwanza.

Na ndo hapo yule dada aliponipatia. Kiswahili kina neno lake kamili na tunalitumia kila siku bila kufikiria: njaa njaa. Mwenye njaa ni mtu anayehitaji chakula. Mtu wa njaa njaa ni kitu kingine, ni yule anayekaa karibu na bosi akisubiri chochote kidondoke, anayebadili maneno kutokana na nani kashika mfuko. Tukisema siasa za njaa hatuongelei ukame. Kwaiyo ukitaka kujua kama esurient linafaa mahali, jiulize Kiswahili chake ungesema wenye njaa au wa njaa njaa, likikubali la pili, endelea.

Esurient na hungry

Hapa sina maneno mengi. Hungry linaenda kila mahali, kwa mtoto, kwa mbwa, kwa taifa zima, kwa timu inayotaka ubingwa. Ni la Kiingereza cha kale kabisa, halina harufu ya darasani. Kosa langu lilikuwa kudhani kurudia ni dhambi. Waandishi wazuri wa Kiingereza hungry wanalirudia bila aibu, kama yule mwandishi wa kijijini alivyorudia njaa mara nne kwa makusudi, maana kila mara ilikuwa inagonga palepale. Mi nilimharibia mdundo wake.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa sisi tunaotoka kwenye Kiswahili. Kwetu njaa ni kitu, unakuwa nacho au kinakujia, nina njaa, nasikia njaa, naona njaa, njaa inaniuma, Wakenya wanasema niko na njaa. Kiingereza kimeifanya kuwa sifa ya mtu mwenyewe, "I am hungry", unakuwa wewe ndo njaa. Ndo mana nimeona watu wanaandika "I have hungry" au "I feel hunger" na wa upande wa pili wanakunja uso. Na tukivuka kwenda kwenye maneno magumu hiyo sifa inazidi kumganda mtu: ukisema "he is hungry" ni hali, itapita akila, ila ukisema "he is esurient" umeshaanza kusema tabia yake.

Njaa kwa mbali: peckish

Hili nalipenda sana kwa sababu lina picha. Peck ni kudonoa, kama kuku anavyodonoa punje, kwaiyo peckish ni ile njaa ya kudonoa, siyo ya kukaa mezani. Saa nne asubuhi chai umeshakunywa, mchana bado, unasikia kanjaa kwa mbaaali, ungepata andazi moja au karanga za kwenye karatasi ungetulia. Sisi tunasema nataka kitu cha kushikia tumbo. Hiyo ndo peckish, na ni neno la Waingereza hasa, Mmarekani ukimwambia uko peckish anaweza akaelewa kwamba umekasirika, huko kwao lina na maana hiyo ya mtu mwenye hasira za karibu.

Kwenye mtihani wa kuongea hili neno linapendeza kama mada ni ya kawaida, chakula, ratiba ya siku, nyumbani. Usilipeleke kwenye barua rasmi.

Na kuna mchezo mmoja wa vichekesho wa kundi la Monty Python, wa mwaka 1972, mteja anaingia duka la jibini, anajieleza kwamba kashikwa na peckish, muuzaji haelewi, mteja anapanda ngazi anasema esurient, muuzaji ndo kabisa anapotea, mwishowe mteja anashuka mpaka chini anasema tu ana njaa, kwa lafudhi ya kijijini. Waingereza wengi wanaolijua neno esurient walilijulia pale. Naleta hili kwa sababu lina madhara ya kweli kwa mtafsiri, ukiandika esurient kwenye jambo zito, msomaji wa Kiingereza wa umri fulani anasikia kicheko kwa nyuma, hata kama we hukukusudia kabisa.

Famished, starving na famine, hapa ndo pa kuwa makini

Famished limetoka kwa Kilatini fames, njaa, hukohuko kulikotoka famine. Ungedhani basi famished ni mtu aliyepigwa na baa la njaa, na zamani lilikuwa hivyo kweli, ila leo famished ni la mtu aliyetoka mazoezini au aliyesafiri Dar mpaka Mbeya basi halikusimama kwenye chakula. "We were famished by the time we arrived." Ni njaa kubwa ila ina mwisho unaoonekana, sahani iko njiani. Ukiwaandika hivyo watu wa kwenye ukame umewapunguzia.

Starving lina historia nzito. Kiingereza cha kale steorfan ilikuwa kufa, kufa kwa lolote lile, ni ndugu wa sterben la Kijerumani ambalo mpaka leo ni kufa. Baadaye Kiingereza kikalibana mpaka likawa kufa kwa njaa, ila kaskazini mwa Uingereza kuna wazee ambao wakisema wako starved wanamaanisha wanasikia baridi kali. Na hapa tunakutana nao uso kwa uso kwa sababu na sisi tunasema nakufa njaa. Ofisini saa saba mchana mtu anasema nakufa njaa jamani, Mwingereza naye anasema "I'm starving", wote wawili hawafi, kesho watarudi kazini. Ila kwenye ripoti neno linarudi kwenye uzito wake wa kwanza, mtu anakufa kweli. Kwaiyo starving lina nyumba mbili na lazima ujue uko kwenye ipi, kwenye meseji za kuchati ni kelele tu za tumbo, kwenye habari ni mtu ambaye mwili wake umeanza kujila wenyewe.

Halafu kuna kijitofauti cha kisarufi ambacho kwa kweli kila anayetafsiri habari za vita inabidi akishike. "They starved" ni walikufa njaa, au walishinda njaa sana. "They were starved" kuna mkono wa mtu, walinyimwa chakula. Kiswahili tunatofautisha vizuri, kufa njaa na kushindishwa njaa si kitu kimoja hata kidogo. Itifaki ya mwaka 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva inakataza kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita, na neno lililoandikwa mle ni starvation. Hapo ukikosea umbo la kitenzi umemfuta mhusika kwenye habari.

Na famine usiliguse hovyo, maana hilo limeshakuwa na kipimo. Kuna mfumo unaoitwa IPC, ulianzia kwenye kazi za Somalia mwaka 2004, unapanga hali ya chakula kwa ngazi 5, na ngazi ya tano ndo famine. Ili eneo liingie pale inatakiwa angalau asilimia 20 ya kaya ziwe zimeishiwa chakula kabisa, angalau asilimia 30 ya watoto wadogo wawe na utapiamlo mkali, na vifo vifike watu 2 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Umoja wa Mataifa ulipotangaza famine kusini mwa Somalia mwezi wa saba 2011, ilikuwa ni kwa hesabu hizo. Sisi tunasema "kuna njaa" kwa ngazi ya pili mpaka ya tano, neno ni lilelile, kwaiyo ukikuta "mwaka huu kuna njaa" kwenye maandishi ya Kiswahili usikimbilie famine, uliza kwanza. Mara nyingi kinachofaa ni food shortage, au hunger tu. Na utapiamlo ni malnutrition, nalo lina njia yake, mtoto anaweza akashiba ugali mtupu kila siku na bado akawa nao, wala huwezi kusema ni hungry.

Ravenous, voracious, na mwenzao edacious

Ravenous watu wengi wanalihusisha na raven, yule ndege mweusi jamii ya kunguru, na ukiishi Dar au Mombasa ukaona kunguru wanavyovamia jalala unasema ndo wenyewe. Hapana, halihusiani naye. Limepitia Kifaransa cha zamani kutoka neno la Kilatini la kupora. Ndani yake kuna kunyakua. Mtu aliye ravenous hapakui, anarukia. Ni zuri kwa mnyama, kwa kijana wa miaka 15 aliyetoka mpirani, na lina hatari kidogo ndani yake.

Voracious limetoka kwenye kumeza kwa pupa, na lenyewe ni la tabia zaidi ya hali. Mtu hawi voracious mchana akaacha jioni. Ndo mana ndo hilo lililoshika kwenye mambo yasiyo chakula, "a voracious reader", msomaji asiyeshiba. Kwa wanaoandika esei za kuomba chuo: kama lazima useme una njaa ya elimu, hili ndo salama kuliko yote, ila limetumika mno, wasomaji wa maombi wamelizoea. Esurient kwenye hiyo nafasi usiliweke kabisa. Nimeshaona esei imeandikwa "esurient for knowledge", mdogo wangu wa ukoo, apu ndo ilimpa, na nikajaribu kumweleza kwamba anayeisoma anaona mambo mawili kwa mkupuo, kwamba kijana kaokota neno ambalo halijui, na kwamba elimu anaitaka kama mtu wa njaa njaa anavyoitaka posho ya kikao. Tukalitoa. Akaandika kwamba alikuwa anasoma magazeti ya kufungia vitumbua kabla hajala kitumbua chenyewe, na kusema kweli hiyo sentensi ilikuwa na njaa kuliko neno lolote la kwenye orodha.

Edacious ni adimu kama esurient na mzizi wao ni mmoja, edere, ila lenyewe ni mlaji, mlafi, anayekula na kuendelea kula. Esurient anataka, edacious yuko kazini. Ovidius mshairi wa Roma aliuita wakati edax rerum, mla vitu vyote, na wapo waandishi wa Kiingereza wanaolitumia edacious kwa kuongelea muda vilevile. Sijawahi kulihitaji.

Hangry nalo nilitaje haraka, ni hungry na angry vimegongana, kamusi ya Oxford ililiingiza mwaka 2018 ingawa limekuwepo tangu miaka ya 50. Ni la kuchati tu. Mtu akinuna kabla ya futari mnajua wenyewe.

Weka maneno yote kwa mbwa mmoja

Mi nikitaka kuzihisi tofauti huwa nachukua sentensi moja na kubadili neno moja. Mbwa amekaa mlangoni kwa jiko, "the hungry dog sat by the kitchen door". Hungry, nampa chakula. Peckish, mbwa wa kwenye kitabu cha watoto, atapewa biskuti. Famished, ametoka kukimbia mbali, amekuja kula kwao. Starving, naziona mbavu, na naanza kuuliza mwenye mbwa ni nani. Starved, nimeshajua kwamba mwenye mbwa anapaswa kushtakiwa. Ravenous, naita watoto waingie ndani. Voracious, nafikiria bei ya chakula chake kwa mwezi. Edacious, tayari kaingia jikoni.

Esurient, na hapa ndo uone, mbwa simwoni tena, namwona mwandishi. Namwona amekaa mezani kachagua neno. Na hilo siyo kosa kila mahali, kuna maandishi ambayo unataka msomaji aone kwamba mkono wa mwandishi upo, anacheza, anamnyooshea mtu kidole kwa adabu. Ila siyo kwenye ukurasa wa watoto wa Longido.

Kwa hiyo kama unachagua kwa haraka uko katikati ya kazi: habari au ripoti, nenda na hungry, starving kama kweli, na namba za kitaalamu zikiwepo zitaje zenyewe. Mazungumzo, peckish na starving la kelele. Esei, voracious au ukae na tukio lako mwenyewe. Hadithi, uwanja ni wako wote, na humo esurient lina kiti chake, ila liwe mara moja tu, maana ukilirudia msomaji anaanza kukuhesabia.

Ile ripoti tuliirekebisha na yule dada kwenye simu, yeye anasoma mi naandika. Ile aya ya njaa mara nne tuliacha hungry tatu zikae kama zilivyo. Ya nne yeye akasema turudi kwenye Kiswahili tuangalie mwandishi alikuwa anasema nini hasa, tukakuta kumbe sentensi inayofuata ilikuwa imesema wale watoto tangu jana asubuhi hawajatia kitu tumboni zaidi ya chai ya rangi. Tukaiweka hivyohivyo, "had had nothing since the morning before but black tea". Kivumishi kikaondoka.

Esurient nimelitumia mara moja tu baada ya pale. Ilikuwa hadithi fupi ya Kiswahili, kikao cha mirathi, mzee kazikwa juzi, matanga hayajaisha, na wajomba wamekaa kwenye mkeka mmoja macho yote kwenye begi la nyaraka, mmoja anauliza kwa upole kama ile pikipiki imeandikwa jina la nani. Mwandishi alikuwa amewaita "wajomba wa njaa njaa". Nilijaribu greedy, likawa jepesi mno, greedy ni la mtoto mwenye pipi mbili. Nikajaribu hungry, wakaonekana wa kuhurumiwa. Nikaandika "the esurient uncles", nikamtumia yule dada kabla sijamtumia mwenye kazi, akanijibu kwa neno moja: hapo.